Kihesabu kisichozimwa kinapopoteza hesabu: simulesheni ya chipu yenye volteji mbili

Swali: Salaam aleikum, Mhandisi. Mimi ni mmoja wa kikundi kidogo hapa Tudor, Mombasa, kinachobuni chipu ya kupima na kurekodi joto ndani ya makontena ya friji yanayoshushwa Kilindini. Chipu yetu ina kanda mbili za umeme: ukanda wa volti 0.8 usiozimwa kamwe, wenye kihesabu muda na kidhibiti cha umeme, na ukanda wa volti 1.1 wenye kichakataji, ambao huzimwa baina ya kipimo na kipimo ili betri idumu. Simulesheni ya kawaida inapita bila tatizo. Tulipoongeza faili la UPF, yaani lile linaloeleza mpangilio wa umeme wa chipu, kihesabu muda, ambacho hakizimwi, kiligeuka X, yaani thamani isiyojulikana, mara ya kwanza kichakataji kilipozimwa na hakikurudi tena. Mwenzangu anashauri tuiamuru simuleta igeuze kila X kuwa 0 au 1 kwa bahati nasibu, kwa kuwa silikoni, yaani chipu halisi, haina X. Je, ashauri sawa? Na je, simulesheni hii itatuonyesha mahali tuliposahau kibadilisha-volteji, ile seli inayopandisha au kushusha volteji ya ishara inapovuka mpaka wa kanda? Nimeambatisha picha ya mawimbi, msimbo, faili la UPF, orodha ya majaribio na maelezo ya mradi.

Jibu: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nitayajibu maswali yako mawili kwa ufupi kwanza, kisha nieleze sababu zake. X uliyoiona ni ya kweli, na ukiifuta utakuwa umefuta ushahidi wa kasoro iliyomo katika kidhibiti chenu cha umeme. Ama kibadilisha-volteji kilichosahauliwa, hicho kwa sehemu kubwa hakitaonekana humo, kwa sababu simulesheni hii hupima mpangilio wa matukio, yaani nini kilizimwa kabla ya nini, wala haipimi kimo cha volteji kwenye nyaya.

Simulesheni ya kawaida huchukulia kwamba umeme upo daima. Msimbo wa RTL, yaani maelezo ya kazi ya chipu kabla ya kugeuzwa kuwa mageti, hautaji waya wa umeme hata mmoja. Rejista ikipewa 1 hubaki na 1 hadi iambiwe vinginevyo. Faili la UPF linaongeza habari hiyo kutoka nje bila kuugusa msimbo: sehemu ipi ni ya ukanda upi, kila ukanda unalishwa na waya gani, swichi iko wapi, na mpakani pawekwe nini. Simuleta ikishalisoma, ukanda ukikatiwa umeme hugeuza rejista zote na matokeo yote ya ukanda huo kuwa X. Umeme ukirudi, mageti yasiyo na kumbukumbu hukokotolewa upya mara moja, lakini rejista hubaki na X mpaka ziwekwe upya kwa riseti, au zirudishiwe thamani iliyohifadhiwa, au ziandikwe thamani mpya. Ndiyo maana chipu inayopita majaribio yote ya kawaida inaweza kuanguka papo hapo hapa. Si kwamba faili limeiharibu, bali hapo awali hakuna aliyewahi kuizima.

UPF ilitolewa na Accellera, shirika la viwango vya ubunifu wa chipu, mwaka 2007, ikawa kiwango cha IEEE 1801 mwaka 2009, na tangu hapo imerekebishwa mara kadhaa, yakiwemo matoleo ya 2013, 2015 na 2018. Nalitaja hili kwa sababu faili lenu, kwa nilivyoliona, linachanganya mtindo wa kwanza, ule wa majedwali ya hali za umeme, na mtindo wa baadaye wa add_power_state. Zana nyingi huvumilia mchanganyiko huo, lakini si zote huufasiri kwa namna moja, na mimi ningechagua mtindo mmoja nikae nao.

Kuna jambo dogo ambalo inaonekana mmekwisha kulivuka, nami nalipitia kwa haraka kwa faida ya wasomaji wengine. Katika UPF milango mikuu ya umeme huanza ikiwa imezimwa. Benchi la majaribio, yaani msimbo unaoiendesha chipu ndani ya simulesheni, lisipoita supply_on kwa kila mlango, pamoja na ule wa ardhi wenye volti 0, chipu nzima huwa X tangu sekunde ya sifuri. Wengi huuwasha umeme, wakausahau waya wa ardhi, kisha wakamaliza siku nzima wakiilaumu zana.

Sasa twende kwenye mawimbi yako. Kloki ya ukanda wa kudumu ni ya megahezi 10, kwa hiyo kila mzunguko ni nanosekunde 100. Katika nanosekunde ya 42,000 kidhibiti kinashusha ishara ya swichi, na matokeo yote ya kichakataji yanageuka X. Ishara ya kutenga, ile inayoziamuru seli za mpakani zishike thamani salama, inapanda katika 42,100. Kati ya matukio hayo mawili pana mzunguko mmoja kamili ambamo mpaka uko wazi na upande wa pili hauna umeme. Miongoni mwa nyaya zinazovuka upo ule mlioupa jina sitisha, ambao kichakataji huutumia kukiambia kihesabu kisimame kwa muda. Ukingo wa kloki wa 42,100 unapofika, kihesabu kinausoma waya huo kabla utenganisho haujafunga, na kinachosomwa ni X.

Tazama tena mstari wenu unaosema hesabu <= sitisha ? hesabu : hesabu + 1. Alama ya kuulizia ikipewa X, Verilog, lugha ya msimbo wenu, huzikokotoa pande zote mbili na kuzilinganisha biti kwa biti: zinapokubaliana thamani hubaki, zinapotofautiana huandikwa X. Namba yoyote na ile inayoifuata hutofautiana daima katika biti ya chini kabisa, kwa hiyo katika 42,100 angalau biti hiyo moja inapotea. Katika 42,200 utenganisho umekwisha kufunga na sitisha ni 0 safi, lakini sasa kihesabu kinajumlisha 1 kwenye namba yenye biti ya X, na kwa kanuni za Verilog jumla yenye X popote ndani yake ni X kote. Biti zote 32 zinaondoka kwa pamoja, na kwa kuwa kihesabu cha kudumu huwekwa upya mara moja tu, betri inapotiwa, hakuna kitakachokirudisha.

Lau mstari huo mngeuandika kwa if na else, msingeona lolote. Sharti la if likiwa X, Verilog huelekea upande wa else kana kwamba sharti ni 0. Kihesabu kingeendelea kuongeza moja moja, jaribio lingepita, na kasoro ingekwenda nayo kiwandani. Kwa hiyo mmepata bahati ya mtindo wa uandishi. Zana za kulipia huwa na chaguo la kuzieneza X hata ndani ya if na case, na simulesheni ya umeme bila chaguo hilo naiona nusu ya kazi. Aina zisizo na X kabisa, kama bit na int za SystemVerilog, ni mbaya zaidi, kwani zikikatiwa umeme huwa 0, na 0 hiyo hufanana na thamani halali. Ziondoeni katika sehemu yoyote inayozimwa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mwenzako. Ni kweli silikoni haina X. Kilichomo katika silikoni ni waya ambao volteji yake inashuka polepole swichi inapofunguka, kwa kasi inayotegemea uvujaji wa transista, na uvujaji huongezeka joto linapopanda. Maabarani, kwenye kiyoyozi, huenda waya wa sitisha ukabaki karibu na thamani yake ya mwisho kwa muda wa kutosha kihesabu kisidhurike. Lakini chipu hiyohiyo ikiwa nje ya kontena kwenye yadi ya bandari saa nane za mchana, huenda ikasoma vingine. X maana yake ni kwamba mbuni hana haki ya kutegemea jibu lolote kati ya hayo mawili. Bahati nasibu ina mahali pake, hasa katika kuchunguza namna netilisti, yaani orodha ya mageti na nyaya zake, inavyoamka ikiwa na thamani tofauti za mwanzo, lakini iwe jaribio la ziada linalofuata baada ya X zote kuelezwa chanzo chake. Ikitumiwa mahali pa X, itawapa matokeo yanayopita leo kwa mbegu moja, yaani namba ya kuanzishia bahati nasibu, na kuanguka kesho kwa mbegu nyingine.

Tiba yenyewe iko katika kidhibiti. Kuzima kuanze kwa kusimamisha kloki ya kichakataji, kufuatiwe na kutenga, kisha kuhifadhi rejista zinazohifadhiwa, na swichi iwe ya mwisho. Kuamka kwende kinyume: swichi iwashwe riseti ikiwa imeshikiliwa, kidhibiti kisubiri jibu la swichi kwamba umeme umetulia, riseti iachiliwe, rejista zirudishiwe thamani zao, ndipo utenganisho ufunguliwe na kloki irudi. Mtu wa Likoni ataielewa kanuni hii bila mchoro: lango la abiria hufungwa kabla feri haijaachana na gati, na halifunguliwi mpaka feri nyingine iwe imetia nanga sawasawa. Mpangilio wa riseti na urudishaji unaweza kubadilika kulingana na aina ya rejista za kuhifadhi mlizonazo, kwa hiyo someni maelezo ya maktaba yenu. Lakini kutenga kabla ya kuzima na kufungulia baada ya kuwasha hakubadiliki.

Jibu la swichi linastahili neno zaidi. Katika chipu halisi swichi ni nyingi ndogo zilizounganishwa kwa mnyororo na kuwashwa moja baada ya nyingine, ili mkondo wa ghafla usiuangushe umeme wa majirani. Katika simulesheni ya RTL swichi huwaka papo hapo, na kidhibiti kisichosubiri chochote huonekana hakina kasoro. Amri ya create_power_switch inakuruhusu kutaja mlango wa jibu na ucheleweshaji wake. Wekeni ucheleweshaji mrefu kuliko mnaoutarajia, muone kama kidhibiti kinasubiri kweli au kinahesabu mizunguko michache na kusonga mbele.

Nimeona pia kwamba katika set_isolation mmeamuru matokeo yote ya kichakataji yashikwe kwenye 0. Kwa ishara nyingi ni sawa. Lakini ombi lenu la kufikia kumbukumbu, kwa jina mlilolipa, hufanya kazi likiwa 0, na maana yake ni kwamba kila kichakataji kinapolala kutakuwa na ombi la uongo linalodumu hadi kiamke. Hakuna X itakayoonekana hapo, kwa kuwa 0 ni thamani safi. Kitakachoonekana ni ukanda wa kudumu kufanya kazi usiyotumwa, na ni jaribio linalokagua tabia ndilo litakalolishika. Pitieni orodha ya nyaya zinazovuka mpaka, mmoja mmoja, mkijiuliza kila mmoja ukae wapi wakati mwenyewe hayupo. Kazi hii inachosha, nami sijui njia ya mkato. Hakikisheni vilevile kwamba seli za kutenga zinalishwa na ukanda wa kudumu. Zikilishwa na umeme uleule unaozimwa, nazo huzimika, na simuleta itaonyesha X ikitoka kwenye seli iliyowekwa ili iizuie.

Kasoro ya mwisho ya RTL itakayowasubiri mkishaitengeneza ile ya kwanza ni kumbukumbu ya programu. Mfano wake katika msimbo wenu hujazwa kwa $readmemh ndani ya initial, na umo katika ukanda unaozimwa. Sehemu za initial hutekelezwa mara moja tu mwanzoni mwa simulesheni. Umeme ukikatika yaliyomo huwa X, na ukirudi hakuna wa kuyajaza tena. Kama kumbukumbu hiyo katika silikoni ni ROM ya kweli, isiyopoteza yaliyomo umeme ukikatika, basi X hiyo ni kosa la mfano, na mfano unapaswa kubadilishwa ili usome yaliyomo upya kila umeme unaporudi. Kama ni RAM, inayoyapoteza, X ni haki yake, na ninyi ndio mnaopaswa kusema programu itatoka wapi baada ya kila usingizi.

Nije kwenye vibadilisha-volteji. Mmechagua volti 0.8 kwa sababu nzuri: nguvu ya kubadilika kwa saketi huenda na mraba wa volteji, na kwa kloki ileile kushuka kutoka 1.1 hadi 0.8 kunaipunguza kwa takriban asilimia 47. Gharama yake iko mpakani. Waya unaotoka ukanda wa 0.8 ukiingia moja kwa moja kwenye geti la ukanda wa 1.1, 1 yake hufika na volti 0.8 tu. Transista ya juu ya geti hilo, ile ya PMOS, huzimika kabisa pale tu ingizo linapokaribia volti 1.1, sasa lango lake liko volti 0.3 chini ya chanzo chake, karibu na kizingiti cha kuwaka, na mkondo huvuja kutoka umeme hadi ardhi muda wote waya ukiwa 1. Tofauti ikikua, geti huchelewa, na hatimaye hukosa kuitambua 1 hiyo kabisa. Upande wa pili, kutoka 1.1 kwenda 0.8, uvujaji huo haupo, ila muda wa geti lililosukumwa kwa volteji ya juu kuliko yake haumo kwenye majedwali ya kawaida ya maktaba, kwa hiyo huko nako huhitajika seli iliyopimwa kwa kazi hiyo.

Simuleta haiyaoni yote hayo. Unapoita supply_on ukatia 0.8, namba hiyo huwekwa pamoja na hali ya waya wa umeme na kutumika kuamua ukanda uko katika hali gani. Lakini 1 inayotoka kwenye ukanda huo ni 1 kama nyingine yoyote, haina kimo. Zana kadhaa zinaweza kulinganisha volteji za pande mbili za kila kivuko wakati wa simulesheni na kutoa onyo, na mkiwa nayo iwasheni. Hata hivyo onyo hilo huja tu kwa hali ambazo jaribio lenu limezipitia. Anayestahili kazi hii ni mkaguzi tuli, asiyehitaji jaribio, kwa sababu huchukua kila kivuko na kila hali iliyoruhusiwa na kuuliza kama panahitajika seli, kama ipo, na kama inalishwa na waya sahihi.

Naye mkaguzi huyo anaamini jedwali la hali za umeme mlilomwandikia. Jedwali lenu lina hali mbili: kichakataji kwenye 1.1, na kichakataji kimezimwa. Lakini katika maelezo yako ya mradi umesema kwamba kipimo kisipokuwa na haraka mnataka kichakataji kiendeshwe polepole kwa volti 0.7. Katika hali hiyo nyaya zitokazo kwenye kichakataji zinatoka chini kwenda juu, kinyume cha zilivyo sasa, na seli zinazoshusha tu hazitafaa. Hali hiyo isipoandikwa, mkaguzi hatauliza, simuleta haitauliza, na jibu mtalipata kwenye silikoni. Andikeni kila hali ambayo programu inaweza kuiomba, hata mnayoifikiria kuwa ya baadaye.

Iwapo leseni za zana ndizo kikwazo, ipo njia ya kujifunzia isiyo na gharama. Maktaba ya SkyWater ya nanomita 130, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2020, ina mifano ya seli inayoonyesha milango ya umeme mkiwasha USE_POWER_PINS, na seli hutoa X ikiwa VPWR (mlango wa umeme) si 1 au VGND (wa ardhi) si 0. Imo pia familia ya seli za lpflow zenye seli za kutenga. Mnaweza kuunda mpaka mdogo kwa mkono mkauendesha kwa Icarus Verilog, simuleta ya bure ambayo haisomi UPF lakini hapa haina haja nayo. Mtaona mpangilio wa kutenga na kuzima vizuri kabisa. Volteji hamtaiona, kwa kuwa humo umeme ni 1 au 0 tu.

Mkishaupanga upya mfuatano wa kidhibiti, rudieni kwanza jaribio lilelile la 42,000, kisha ongezeni moja ambalo sikuliona katika orodha yenu: ombi la kuamka linalofika wakati kuzima kunaendelea. Kihesabu chenu ndicho kinachoamsha, nacho hakijali kidhibiti kiko hatua gani. Lifikisheni ombi hilo katika kila mzunguko wa kloki kuanzia kloki ya kichakataji inaposimama hadi swichi inapotoa jibu la kuzimika, na kwa kila mara mkague kwamba kidhibiti ama kimeghairi kabla ya kugusa swichi, ama kimekamilisha kuzima ndipo kikaanza kuamka, bila utenganisho kufunguka hata mzunguko mmoja katikati.